Peptidi dhidi ya bakteria sugu: tuanze na damu yetu wenyewe

#1 TaaYaMaabara, Kisumu

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka asome kesho.

Kazi yangu ni maabara ya bakteria. Damu ya mgonjwa huingia kwenye chupa ya kuoteshea, na chupa ikionyesha kuna kitu kinaota namwaga tone lake kwenye sahani, napanga vikaratasi vya dawa juu yake, kesho yake nasoma. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi. Isiyofanya kazi, bakteria huota mpaka wakaigusa.

Wiki mbili zilizopita nilisoma sahani ya mtoto wa miezi minane. Bakteria aina ya Klebsiella. Vikaratasi kumi na viwili, na kumi kati yake vilikuwa vimefunikwa kabisa kama mawe ya mtoni. Nilipiga simu wodini mara moja kutaja zile dawa mbili zilizobaki. Muuguzi alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kitanda kimeshatandikwa upya.

Sitaitaja hospitali, na wala habari hii si ya hospitali moja. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria wasiosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko kwingine kote. Uchunguzi wa vifo vya watoto unaofanywa Siaya na Manyatta hapa Kisumu umeitaja Klebsiella mara nyingi mno kati ya wauaji wa walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo sisi si wasikilizaji tu wa habari hii.

Tangu siku ile ninasoma kila usiku kuhusu peptidi, na nimefikia mahali ninataka kusikia maoni yenu.

Peptidi ni nini? Chukulia protini ni ushanga mrefu unaozunguka kiuno mara tano. Peptidi ni kipande kifupi cha ushanga huo, shanga kumi, ishirini, arobaini hivi. Kila shanga ni asidi amino, na ziko aina ishirini. Miili karibu yote inajitengenezea vipande hivi kama silaha ya kwanza, kabla kinga ya kisasa zaidi haijaamka. Nondo wanazo, nguruwe wanazo, mimea inazo, wewe unazo kwenye ngozi, matumbo na chembe nyeupe za damu.

Mwaka 1987 mtafiti Michael Zasloff huko Marekani alishangazwa na vyura. Alikuwa akiwapasua vyura wenye kucha kwa ajili ya utafiti mwingine, anawashona, anawarudisha kwenye maji yasiyo safi hata kidogo. Vidonda vilikuwa vinapona bila usaha. Akakamua ngozi zao, akapata peptidi mbili za shanga 23 kila moja, akaziita magainini kutoka neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Ndugu wa karibu wa chura huyo yuko huku kwetu, kwenye madimbwi na mitaro ya ukanda wa ziwa. Jina lake la kisayansi ni Xenopus victorianus. Tumekua tukimrushia mawe.

Inavyoua ni jambo la kupendeza. Utando wa bakteria kwa nje una chaji hasi. Utando wa seli zetu kwa nje hauna chaji ya kutajika, na ndani yake kuna kolesteroli inayoukaza. Peptidi nyingi za aina hii zina chaji chanya, kwa sababu zina shanga nyingi za lisini na arjinini. Zinavutwa kwa bakteria kama vumbi la chuma kwenye sumaku. Zikishafika, upande wao mmoja unaopenda mafuta unazama kwenye utando, utando unatoboka, chumvi na nguvu za bakteria vinamwagika nje. Dawa nyingi za kawaida hutafuta kufuli moja ndani ya bakteria, na bakteria akibadilisha kufuli hiyo dawa imekwisha. Kubadilisha ukuta mzima ni kazi nzito zaidi.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi si kuua. Mwili wetu una peptidi moja inayoitwa LL-37, shanga 37, mbili za kwanza zikiwa lusini. Inaua, ndiyo, lakini kwenye chumvi na protini za damu makali yake ya kuua hupungua sana. Kazi yake kubwa ni nyingine. Inaita chembe nyeupe zije mahali penye hatari, inashika ile sumu ya ganda la bakteria isiwashe mwili mzima, inasaidia kidonda kufunga. Yaani ni askari na ni mpiga mbiu pia. Swali langu kwenu: je, tukitaka kubuni peptidi mpya, tubuni muuaji au mpiga mbiu? Na tunaijaribu kwenye damu ya nani?

#2 BabaWawili, Kondele

Asante dada. Mwanangu wa kwanza alilazwa mwezi wa nne kwa damu yenye bakteria, akapona, kwa hiyo najua unachosema. Nina swali moja fupi. Hizi peptidi zitafika lini kwenye duka la dawa?

#3 TaaYaMaabara

@BabaWawili, pole sana, na nashukuru Mungu amepona. Baadhi zimefika kabla hujazaliwa. Ukisoma boksi la matone ya sikio au mafuta ya kidonda ukaona polimiksini au basitrasini, hizo ni peptidi zilizotolewa kwa bakteria wa udongoni. Gramisidini ni ya 1939, kazi ya René Dubos, na ilitumika kwenye vidonda vya askari wakati wa Vita vya Pili. Lakini ona: karibu zote hizo ni za kupaka. Ukiidunga gramisidini mshipani inapasua chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo kazi nyingi zimekwama, na hapo ndipo ninataka uzi huu ukae.

#4 MfugajiNjoro

Mimi nafuga kuku wa mayai, mia nne na hamsini, huku Njoro. Nimesoma neno polimiksini nikainuka kwenda stoo. Kuna unga ninaonunua agroveti wakati vifaranga wanaharisha, nauchanganya kwenye maji ya kunywa. Kwenye pakiti imeandikwa kolistini. Je, ni ndugu? Mwenye duka huniambia weka kijiko hata kama hawajaugua, wakue vizuri.

#5 TaaYaMaabara

@MfugajiNjoro, asante kwa kwenda stoo. Laiti wengi wangefanya hivyo.

Ni zaidi ya ndugu. Kolistini ni polimiksini yenyewe, jina jingine ni polimiksini E. Na ni peptidi. Hospitalini ndiyo dawa inayofunguliwa mwisho kabisa, wakati zile nyingine zote zimeshindwa, kwa sababu inaweza kuumiza figo. Daktari anaitoa kwa hofu, na wewe unaambiwa uweke kijiko vifaranga wakue.

Mwaka 2015 watafiti China walieleza jeni waliyoiita mcr-1, iliyopatikana kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Jeni hiyo inapaka ukuta wa bakteria kitu kinachopunguza ile chaji hasi, hivyo sumaku inalegea. Mbaya zaidi, iko kwenye kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake kama mtu anavyomgawia jirani moto wa jiko. China ilipiga marufuku kutumia kolistini kukuzia mifugo mwaka 2017.

Sasa jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Mwaka 2023 ulitoka utafiti ulioonyesha kuwa bakteria wenye mcr-1 wanahimili vizuri zaidi hata peptidi za kinga za mwili wenyewe, za binadamu, za nguruwe na za kuku. Ukizoesha bakteria kolistini bandani, unamfundisha pia kupita mlinzi wa kwanza wa mwili wako na wa kuku wako. Kwa hiyo kijiko kile hakikai Njoro.

Vifaranga wakiharisha, mwite daktari wa mifugo apime kwanza. Na wasiougua usiwape kitu.

#6 MfugajiNjoro

Nimesikia. Pakiti mbili zilizobaki nazirudisha, na ninamtafuta daktari wa mifugo wa kaunti ndogo kesho. Lakini dada, hilo ulilosema halihukumu hata hizo peptidi zako mpya? Kama bakteria anazoea kolistini, na hizo mpya zinashambulia ukuta uleule?

#7 TaaYaMaabara

Linazihukumu kabisa, na sitalikwepa. Zasloff mwenyewe aliwahi kuandika kuwa bakteria kuzoea peptidi za namna hii ni jambo lisiloelekea. Mwanabiolojia Graham Bell hakukubali, wakaamua jaribio liseme. Walichukua peksiganani, peptidi ya shanga 22 iliyobuniwa kutokana na magainini, wakawalea bakteria humo kidogo kidogo, dozi ikipanda. Matokeo yalitoka 2006: baada ya vizazi 600 hadi 700, koo 22 kati ya 24 zilikuwa zimezoea. Zasloff akaliweka jina lake kwenye ripoti hiyo pamoja na Bell. Ninamheshimu sana kwa hilo.

Hii ndiyo sababu moja ya mimi kuegemea mpiga mbiu. Peptidi isiyomgusa bakteria, inayosema na seli zetu tu, haimpi bakteria kitu cha moja kwa moja cha kuzoea. Nitarudi hapo.

#8 Shanga12, Kakamega

Mwalimu, salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili na hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo moyo umenidunda kusoma uzi huu.

Ninabuni peptidi za shanga 12 kwenye kompyuta ya mkononi. Ukiwa na aina 20 za asidi amino na nafasi 12, michanganyiko inayowezekana ni milioni milioni 4,096. Hakuna maabara itakayoimaliza. Kwa hiyo nimeifundisha programu kwa peptidi zaidi ya 3,000 zilizomo kwenye hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Nebraska, ikajifunza tabia zao: chaji, urefu, namna upande mmoja unavyopenda maji na wa pili mafuta. Kisha ninaiambia ibadilishe shanga moja moja na kubakiza zile zenye alama za juu. Nimepata 40 ambazo programu inasema zitaua Klebsiella, E. koli na Salmonella kwa dozi ndogo sana.

Na njia hii si ndoto. Mwaka 2024 kundi moja lilipitisha akili unde kwenye vinasaba vya bakteria wa udongo, maji na matumbo ya wanyama, wakaorodhesha peptidi 863,498. Walitengeneza 100 wakazijaribu, na 79 zilifanya kazi. Kundi la César de la Fuente huko Pennsylvania limetafuta hata kwenye protini za binadamu wa kale wa Neanderthal na za mamothi, jamaa wa kale wa tembo.

Msimamizi wangu ameniambia tuombe pesa za kutengenezesha zote 40. Mwanzoni mwa mwaka ujao nataka niwe na makala. Unaonaje?

#9 TaaYaMaabara

@Shanga12, nimefurahi sana umeingia, na nitakuambia kama ningemwambia mdogo wangu.

Usitengeneze 40. Jiulize kwanza programu yako ilifundishwa kwa majaribio gani. Mengi ya yale yaliyo kwenye hifadhidata yalifanywa kwenye mchuzi wa kuoteshea: bakteria, mchuzi, peptidi, basi. Mle hamna damu. Na watu huchapisha zilizofanya kazi, zilizoshindwa hubaki kwenye madaftari. Programu yako haijawahi kuonyeshwa kushindwa kwa kutosha, kwa hiyo haijui kunavyofanana.

Mtu akiwa na bakteria damuni, peptidi yako inakutana na vitu vinne kabla haijamwona bakteria. Chumvi, inayofifisha sumaku. Protini za seramu, yaani maji ya damu, zinazoikumbatia na kuishikilia. Vimeng'enya vya jamii ya tripsini, ambavyo hukata hasa baada ya lisini na arjinini, yaani palepale ulipoweka nguvu yako yote. Cha nne ni chembe nyekundu, na hiyo naiacha kidogo.

Juu ya tripsini, kuna njia ya zamani. Asidi amino nyingi zina umbo pacha kama lionekanalo kwenye kioo, mfano mkono wa kushoto na wa kulia. Mwaka 1990 watu wa maabara ya Bruce Merrifield, yule aliyepewa Nobel 1984 kwa kubuni njia ya kuunganisha peptidi kwenye chembe imara, walitengeneza sekropini, peptidi ya nondo, na magainini kwa umbo hilo la kioo pekee. Ziliua bakteria kama zile za kawaida, na vimeng'enya havikuzikata. Hilo lilionyesha pia kuwa hazihitaji kufuli maalumu, utando unatosha. Lakini ukitaka peptidi isemezane na seli za kinga, huko milango ina maumbo yake, na mkono wa kushoto huenda usiingie kwenye glavu ya kulia. Kwa hiyo amua mapema unatengeneza nini. Uamuzi huo unabadilisha kila shanga.

Sasa chembe nyekundu. Makala nyingi za utafiti zinasema "haipasui chembe nyekundu", na ukisoma mbinu, damu ni ya kondoo au ya wachangiaji damu wenye afya njema wa ng'ambo. Hapa ukanda wa ziwa, ni ukoo gani usio na mtu wa selimundu (sickle cell)? Chembe nyekundu ya selimundu ni dhaifu, na pia mara nyingi imegeuza nje mafuta fulani ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya utando, fosfatidilserini. Mafuta hayo yana chaji hasi.

Soma sentensi hiyo tena, mdogo wangu. Peptidi yako imefundishwa kuvamia utando wenye chaji hasi. Na watoto wa selimundu ndio hasa wanaoshikwa na Salmonella damuni, ndio watakaoihitaji dawa yako kwanza. Sijaona sababu ya kungoja mpaka awamu ya 3 ya majaribio ndipo mtu akumbuke kuuliza. Jaribio lenyewe ni la siku moja: unaosha chembe, unaweka peptidi, unazungusha, unaangalia wekundu ulio juu. Vifaa vyake vipo kwenye maabara za huku.

Nataka kubuni kuanzie hapo. Damu ya huku, bakteria wa huku waliohifadhiwa kwenye friza zetu, ndipo kompyuta iambiwe itafute nini.

#10 Shanga12

Mwalimu, nimeisoma mara tatu. Sikuwahi kufikiria selimundu, na dada yangu anayo.

#11 ZamuYaUsiku, Siaya

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Niseme jambo kama mtu anayesimama kitandani.

Mtoto wa sepsisi, yaani maambukizi yanapouwasha mwili mzima, mara nyingi hauawi na bakteria peke yake. Anauawa na moto wa mwili wake mwenyewe. Shinikizo la damu linaanguka, mikono inakuwa baridi, kupumua kunakuwa kwa haraka, na hapo dawa tayari imeingia. Wakati mwingine tunampa dawa na kwa saa chache anazidi kuwa vibaya kabla hajatulia. Nikisikia mtu anasema peptidi itakayoamsha kinga, mwili unanisisimka. Kinga ya mtoto yule imeshaamka kupita kiasi. Mnataka kumwagia mafuta ya taa?

Na usiku wa mvua wengi wao wana malaria pia. Sijui kama hao wa kompyuta wanalijua hilo.

#12 TaaYaMaabara

@ZamuYaUsiku, dada, hili ndilo swali lililo kuu kuliko yote kwenye uzi, na linastahili jibu la polepole.

Hofu yako ni ya kweli. Bakteria aina ya Klebsiella anapopasuka, vipande vya ganda lake la nje humwagika, na vipande hivyo ndivyo kuni za moto unaouona. Muuaji mkali asiyefanya kingine anaweza kuongeza kuni. Ndiyo maana neno kuamsha halitoshi, na mimi mwenyewe nililitumia vibaya moyoni mwangu kwa muda. Linalotakiwa ni kurekebisha: chembe nyeupe zije kwa wingi mahali panapohusika, lakini zile kemikali za kuwasha mwili mzima zishuke.

Je, inawezekana kufanya yote mawili? Kundi la Robert Hancock katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, lilitoa mwaka 2007 peptidi ya shanga 13 waliyoiita IDR-1. Ukiiweka kwenye mchuzi na bakteria, haiui kitu. Ukiiweka kwenye panya aliyeambukizwa, bakteria wanapungua na panya wengi zaidi wanaishi, hata kwa bakteria sugu na Salmonella. Inazisemesha chembe nyeupe za aina ya monositi na makrofaji, na papo hapo inashusha kemikali ya TNF ambayo ndiyo mojawapo ya viberiti vya moto wako. Kwa programu ya @Shanga12 peptidi hiyo ingepata sifuri na kutupwa.

Baadaye wakabuni nyingine ya shanga 12, IDR-1018, wakianzia peptidi ya ng'ombe. Hiyo ina mambo mengi, mojawapo ni kuvunja ukoga. Ukoga, kama ule wa meno, ni bakteria waliojenga nyumba ya ute, na nyumba kama hizo zipo kwenye mipira ya mkojo na kwenye vidonda vya muda mrefu, ambako dawa za kawaida haziingii vizuri.

Na malaria, ndiyo, yupo aliyefikiria. Mwaka 2012 IDR-1018 ilijaribiwa kwa panya wenye malaria ya ubongo, pamoja na dawa za malaria, na waliopona waliongezeka. Peptidi haikuua vimelea. Ilituliza moto wakati dawa inaua. Nilipolisoma hilo nilifikiria wodi yako.

Tena kwetu malaria na Salmonella hutembea pamoja. Malaria inapopasua chembe nyekundu, vitu vinavyomwagika huzifanya chembe nyeupe zikose makali dhidi ya Salmonella, hilo limeonyeshwa kwa panya. Kwa hiyo peptidi ya kurekebisha kinga iliyopimwa kwa seli za mtu asiye na malaria haijapimwa kwa mtoto wa Siaya. Seli ni tofauti siku hiyo.

Lakini dada, nisikupe matumaini ya bure. Panya si mtu. Dusquetide, iliyotoka kwenye ukoo huohuo wa peptidi, ilifika awamu ya 3 kwa vidonda vya kinywa vya wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi, na mwaka 2020 haikufikia lengo lake kuu. Upande wa wauaji, murepavadini, iliyobuniwa kutokana na peptidi ya nguruwe na kulenga bakteria mmoja tu, Pseudomonas, majaribio yake ya kudungwa mshipani yalisimamishwa 2019 kwa sababu ya figo. Peksiganani ilikataliwa na wadhibiti wa Marekani 1999. Njia hii ina makaburi mengi, na kila kaburi lina kitu cha kutufundisha iwapo tutalisoma.

#13 ZamuYaUsiku

Hapo nimekuelewa, na nimeridhika kuwa umetaja makaburi. Niulize moja tu: hakuna njia ya kuufanya mwili utoe zake mwenyewe, bila kudunga kitu kipya?

#14 TaaYaMaabara

Ipo, na imetoka mahali kama kwetu. Dhaka, Bangladesh. Mwaka 2001 walionyesha kuwa kwenye kuhara damu kwa Shigella, bakteria huyo huizima LL-37 kwenye utando wa utumbo mapema kabisa. Anakata waya wa king'ora kabla hajaingia. Wakajaribu kwa sungura kuiwasha tena kwa butireti, asidi ambayo bakteria wazuri wa utumbo huitengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula, na sungura wakapona haraka. Baadaye walijaribu kemikali ya karibu nayo, fenilbutireti, kwa watu wenye kifua kikuu, kwa wengine ikiambatana na vitamini D, kwa sababu vitamini D nayo huwasha jeni ya LL-37.

Hivyo ni vidonge, havihitaji friza. Mimi ninaona kazi ya Dhaka haijasomwa vya kutosha huku.

#15 Jaduong'Ahero

Nyathina, mimi ni mkulima wa mpunga, miaka yangu sabini na miwili, mjukuu ndiye anayenisomea. Ogwal, hao vyura unaowataja, wamejaa kwenye mifereji yetu. Kuna mwaka walikuja vijana na ndoo wakachukua wengi, wakasema ni utafiti, hatukuwaona tena. Ikiwa dawa iko kwenye ngozi ya ogwal wetu, ni ya nani?

#16 TaaYaMaabara

Jaduong', ahsante kwa kuuliza, na mwambie mjukuu ahsante kwa kukusomea.

Chura si wa kijana mwenye ndoo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya imo, inataka anayechukua viumbe au vinasaba kwa utafiti aombe idhini na akubaliane mapema jinsi faida itakavyogawanywa. Hapa nchini lazima awe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa wanyama wa porini awe pia na kibali cha mamlaka za wanyamapori. Wakija tena, waulize karatasi. Ni haki yako.

Na tunalo jeraha la karibu. Ziwa Bogoria, kaskazini mwa Nakuru, bakteria wake walichukuliwa, na vimeng'enya vyao vikaja kutumika kwenye biashara ya nguo za jinzi huko nje. Kenya ilianza kudai fungu lake miaka mingi baadaye.

Ila kuna jambo moja jipya linalonitia wasiwasi. Siku hizi hawahitaji ndoo. Mpangilio wa shanga ukishawekwa kwenye hifadhidata, mtu yeyote popote anaupakua, anabadilisha shanga tatu, anasema ni wake. Kwa hiyo @Shanga12, ukipata kitu kutoka kwa chura wa Ahero, andika Ahero.

#17 Jaduong'Ahero

Erokamano, asante. Nitauliza karatasi.

#18 Shanga12

Mwalimu, nimerudi baada ya muda.

Nimeongea na msimamizi. Tumekubaliana peptidi sita badala ya 40. Mbili ni wauaji wa kawaida, mbili ni hizohizo kwa umbo la kioo, na mbili programu iliziweka chini kabisa kwa kuua lakini zinafanana kidogo na IDR-1. Pesa zilizobaki zinaenda kwenye vipimo. Tumeandika ombi kwa kamati ya maadili kuhusu damu, pamoja na damu ya watu wa selimundu watakaokubali wenyewe. Nimemweleza dada yangu, akasema awe wa kwanza kusaini. Nimemwambia hapana, asubiri kamati.

Wakati tunangoja kibali, naweza kuanza na nini? Peptidi zimefika juzi.

#19 TaaYaMaabara

Umefanya vizuri kumwambia asubiri.

Anza na yale yasiyohitaji kibali cha damu ya mtu. Seramu ya ndama inauzwa, tripsini inauzwa. Weka kila peptidi humo kwa dakika kumi, saa moja, saa nne, kisha pima kilichobaki na ujaribu kama bado kinaua. Fanya kila kitu mara tatu. Zilizovunjika ziandike kwenye jedwali lilelile la zilizobaki, usiziweke daftari jingine.

Alhamisi saa nne asubuhi nipo. Njoo na peptidi zikiwa bado unga, kwenye barafu, usiziyeyushe njiani. @ZamuYaUsiku amesema atakuwa ametoka zamu, atapita.